Kiraka cha Nyuma ya Sikio

Daktari Mnzava alimshika Tumpe kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga, kama fundi cherehani anayekagua kitambaa kabla hajakitia mkasi. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kwa namna yake ya siku zote, nyembamba, haina haraka, kama mgeni aliyekuja kukaa.

"Chunusi zilianza lini?"

"Nilipoingia kidato cha kwanza," Tumpe akajibu.

"Alikuwa anazitumbua," mama yake, Mama Bupe, akadakia kutoka kwenye benchi. "Nikisema acha, hasikii. Dada yake hakuota hata moja. Uso wa Bupe ulikuwa kama ndizi iliyomenywa sasa hivi."

"Mama."

"Nasema uongo? Mwambie daktari kama nasema uongo."

Daktari akagusa meza, na picha ya shavu la Tumpe ikainuka hewani katikati yao, kubwa kama ungo. Mashimo yake yalionekana yote, na kila moja lilikuwa na kivuli chake. Tumpe akatazama pembeni. Alikuwa msusi, siku nzima alisimama mbele ya kioo, na kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kutazama vichwa vya wateja tu na kuuruka uso ulioko juu yao.

"Una makovu ya aina tatu," daktari akasema, akiyaonyesha kwa kidole. "Haya mapana, yenye kingo zinazoteremka polepole, chini yake kuna nyuzi zinazoivuta ngozi kwenda ndani. Tunapiga ganzi, tunaingiza sindano, tunazikata, ngozi inainuka. Haya membamba marefu tunayadondoshea tindikali, tone moja moja, yanaanza kujijaza yenyewe. Na haya yenye ukingo wima tunayasawazisha kwa mwanga wa leza. Ni njia za zamani. Bibi zetu walizitumia, na mpaka leo zinafanya kazi."

"Zinayamaliza?"

"Zinayapunguza. Nusu, na ukiwa na bahati zaidi ya nusu. Hutarudi kuwa na uso wa utotoni, na utahitaji kuja zaidi ya mara moja. Ila uso utakuwa wako."

"Na ile njia nyingine?" Mama Bupe akauliza. Ndiyo iliyowaleta. Ndiyo iliyomfanya avae viatu vyake vya kanisani siku ya kazi.

Daktari aliifuta ile picha ya hewani kabla ya kujibu.

"Kupanda," akasema.

Watu wa Tukuyu waliiita ile kliniki Kitaluni, kwa sababu ndani yake ngozi ilikuzwa kama wao wanavyokuza miche ya chai: kwenye vyumba vya joto, juu ya trei, ikichunguliwa asubuhi na jioni. Seli chache zilichukuliwa kwa ndugu wa damu, zikalishwa, zikasambaa mpaka zikawa utando mwembamba kuliko utando wa yai. Utando ule ukalazwa juu ya uso ulioandaliwa. Ngozi ya zamani ikaachia, mpya ikashika. Za mgonjwa mwenyewe hazikufaa, maana ngozi iliyozoea kutengeneza makovu hutengeneza makovu hata ukiikuza upya. Kwa hiyo lazima ndugu.

"Na dada yako yupo," daktari akasema, kisha akajishika mdomo. "Samahani. Ngozi ya dada yako ipo."

Ilikuwepo, kwenye friji ya ghorofa ya chini. Bupe alifanya kazi kwenye mabomba ya mvuke wa ardhini kule mlimani, na kila fundi wa mvuke aliwekewa akiba ya ngozi yake, ya kumponya siku akiungua. Hakuungua hata kidole. Alichukuliwa na homa ya ubongo, akiwa kitandani kwake, amevaa soksi.

"Tunaruhusiwa kuitunza mpaka masika yaishe," daktari akaendelea. "Kama ndugu hawakuitumia, inateketezwa."

"Haiteketezwi," Mama Bupe akasema.

"Lakini yeye hakuulizwa," Tumpe akasema. "Aliiweka kwa ajili ya kuungua kwake mwenyewe. Hakusema nivae mimi."

Daktari Mnzava alimtazama kidogo. "Sheria inasema ni ya ndugu. Baada ya hapo imenyamaza, mdogo wangu. Hapo ni ninyi wenyewe." Kisha akarudi kwenye kazi yake. "Hatuanzi na uso. Tunaanza na kiraka kidogo, kama ukucha wa kidole gumba, tuone mwili wako unakipokea. Kikishika kinakuwa ngozi kamili, kina vinyweleo, kinatoa jasho na mafuta yake. Tunakiweka nyuma ya sikio, mahali ambapo hakuna mtu anayepachungulia."

Tumpe akakubali kwamba hakuna. Hata yeye, aliyekuwa akipinda masikio ya watu kila siku ili apitishe chanuo, hakukumbuka kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyekuwa akikaa hapo hapo, pua yake imegusa.

"La kushoto," akasema.

* * *

Baada ya matanga, ukoo ulikuwa umekaa. Walimketisha Tumpe kwenye mkeka, wakamfunga kitenge cha Bupe, na baba yake mdogo akasema mbele ya wote kwamba kuanzia siku ile yeye ndiye Bupe, ndiye Mama Ikupa. Ndivyo walivyofanya siku zote ili jina la marehemu lisikose mtu wa kuitika, na mtoto asikose mtu wa kumlilia. Watu wazima walilizoea mara moja. Dukani aliitwa Mama Ikupa, kanisani aliitwa Mama Ikupa.

Aliyekataa alikuwa Ikupa mwenyewe, mtoto wa marehemu. Alikuwa na miaka minne na sauti kubwa kuliko kimo chake.

"Wewe ni mama mdogo," alisema. "Mama amesafiri."

Maneno hayo aliambiwa na bibi yake asubuhi ya mazishi, kwa haraka haraka, ili atoke nje akacheze. Hakuna aliyeyarudia, na hakuna aliyeyafuta. Yalibaki pale kama ndoo iliyosahauliwa mlangoni, kila mtu akiiruka.

Ikupa hakuwa na ugomvi na mama yake mdogo. Alimpenda, na zaidi ya yote aliyapenda mashavu yake. Jumapili, wakati bibi akichambua mchele wa Kyela kwenye ungo, mtoto alimlaza Tumpe chali mkekani, akachota punje kwenye kiganja, akaanza kuzibandika moja moja ndani ya mashimo.

"Unafanya nini?"

"Napanda. Usicheke, utazimwaga."

"Zitaota lini?"

"Ukinyamaza."

Ilikuwa mikono pekee iliyowahi kuugusa uso ule bila kuuhurumia. Saluni mambo yalikuwa mengine. Mteja akishakaa, kichwa kimeinamishwa, alianza kutibu.

"Mama Ikupa, manjano ulijaribu? Na asali?"

"Manjano nilipaka mpaka watoto wakanikimbia, Mama Syabumi."

"Mshubiri je?"

"Mshubiri upo hapo nje kwenye kopo, ngozi yake nzuri kuliko yangu."

"Na limao?"

"Limao nilipaka nikalia. Makovu yakanicheka."

Walicheka wote, naye akacheka nao, akiendelea kusuka. Lakini jioni, akifunga mlango, alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Na ile wiki kiraka kilipobandikwa, alikiacha kioo kimetazama mbele. Alitaka kuona kama anaweza. Alijisemea kimoyomoyo: masika yakiisha nitakuwa na uso ambao hakuna mtu atakayeupa ushauri.

* * *

Kiraka kilishika. Daktari alikitazama kwa lenzi yake akasema kimekunywa damu vizuri, kimefungua vinyweleo, kinaanza kufanya kazi kama ngozi ya mtu mzima. Akapanga siku ya uso.

Jioni ile Tumpe alimpitia Ikupa shuleni kwa watoto wadogo. Mvua ilikuwa imetengeneza utelezi, kwa hiyo alimbeba mgongoni, akamfunga kitenge, akajifunika yeye na mtoto kwa koti moja la mvua. Ikupa alikuwa akiimba wimbo wa kuhesabu, akipiga miguu kwenye mbavu za mama yake mdogo kila anapofika tano.

Akafika nne, akanyamaza.

"Vipi, umesahau tano?"

Tumpe alisikia pumzi nyuma ya sikio lake la kushoto. Ilikuwa ndefu, kama mtu anayevuta hewa baada ya kuzamia. Kisha nyingine. Kisha mwili mdogo uliokuwa umejikaza mgongoni kwake ukalegea wote kwa mara moja, na kichwa kikalala begani, kizito.

Tangu Bupe azikwe Ikupa hakuwahi kulala hivyo. Alikuwa akilala kama mtu anayesubiri gari, macho yakifunguka kwa kila sauti. Sasa alikoroma kabisa, kijasho kikimtoka puani.

Nyumbani, Mama Bupe alikuja kumpokea mtoto. Akainama kulegeza fundo la kitenge, na mikono yake ikasimama.

"Nini, mama?"

"Ngoja."

"Nini?"

"Ngoja, nimesema." Mama Bupe aliusogeza uso wake nyuma ya sikio la binti yake, akafumba macho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni yeye. Tumpe, ni yeye mwenyewe. Ile harufu yake ya chini kabisa, chini ya sabuni, chini ya moshi. Kama kibuyu cha maziwa kilichooshwa kikaanikwa juani. Nilimzaa nayo hiyo."

Tumpe alipitisha kidole pale, akakinusa. Alisikia dawa tu. Alijaribu kugeuza shingo, akajaribu na leso. Hakupata kitu. Mtu hawezi kufikisha pua yake nyuma ya sikio lake, na kile kiraka kilikuwa kidogo, harufu yake ikafa kabla ya kufika kwenye kidole.

Walichofikiria wakati ule ni kwamba wamepona. Ikupa alikula. Alilala mpaka bibi yake akaenda kumwamsha, jambo lililowafanya wote wawili wasimame mlangoni wakitazamana kama watu waliookota kitu cha thamani barabarani. Aliacha kukojoa kitandani. Hakushuka mgongoni ila kwa kubembelezwa, lakini nani angelalamika kwa hilo? Na Mama Bupe naye akawa na kazi nyingi nyuma ya binti yake.

"Tumpe, hebu inama nikutoe uzi kwenye nywele."

"Umenitoa sasa hivi, mama."

"Kuna mwingine."

Tumpe aliinama. Alitulia hivyo hivyo huku mama yake akitafuta uzi usiokuwepo, akisikia zile pumzi, na akawaza kwamba uso mzima wa ngozi ile ungekuwa zawadi kubwa kwa nyumba hii. Angekuwa mrembo. Mama angepata kumnusa mwanawe kila siku mpaka kufa kwake. Mtoto angelala. Ni yeye tu ambaye angetembea na Bupe usoni kwake bila kumpata. Alijilaumu kwa kuwaza hivyo. Aliona ni wivu.

* * *

Jumapili Tumpe alilala chali mkekani mwenyewe, bila kuitwa, akamsubiri mpandaji wa mchele.

Ikupa alikuja na punje kiganjani. Lakini hakukaa upande wa mashavu. Alimgeuza kichwa, akalala tumbo chini, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto.

"Mama," akanong'ona. "Nimekuwekea ndizi. Bibi hajui."

Tumpe akataka kuitika. Ndilo jina lake sasa, ukoo ulimpa.

"Abee?"

"Sikusemeshi wewe, mama mdogo. Naongea na mama." Akarudi sikioni. "Utatoka lini? Kule ulikosafiri umefika mpaka hapa, umebakiza kidogo tu. Toka basi. Mama mdogo hatakasirika."

Kwenye kiti chake, Mama Bupe aliacha kupepeta.

"Ikupa," Tumpe akasema polepole, "unafikiri mama yuko humo?"

"Ninamsikia kwa pua." Mtoto alisema kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Amejificha. Daktari atamtoa na usoni, bibi alisema. Bibi alisema uso wake utakuja."

Tumpe akamtazama mama yake. Mama yake akatazama mchele.

"Akitoka yeye," Ikupa akaendelea, na hapo ndipo sauti yake kubwa ikapungua, "wewe utakwenda wapi?"

Ikupa akazirudisha punje kwenye ungo, zote, akaenda kuichukua ile ndizi kule alikoificha, akairudisha na kuiweka kwenye bega la kushoto la Tumpe. Akakaa kando, magoti juu, akingojea.

* * *

"Atazoea," Mama Bupe akasema jikoni. "Mtoto huzoea. Kesho kutwa unapandwa, ataona uso, atakuita mama, mambo yamekwisha."

"Ataona uso wa nani?"

"Usinichezee maneno."

"Sikuchezei, mama. Amenisogeza. Mimi, niliyemwogesha leo asubuhi, amenisogeza kama pazia ili aongee na aliye nyuma. Nikivaa ngozi ile uso mzima atangoja mpaka awe mtu mzima. Atakuwa ananitazama machoni akimsubiri mwingine afungue mlango."

"Kwa hiyo unataka tuichome moto." Mama Bupe alisukuma kuni ndani kwa nguvu, cheche zikaruka. "Mimi nimemzika mara moja. Wewe unataka nimzike tena. Umewahi kuzika mtoto, wewe?"

"Nimezika dada."

"Si sawa!"

"Si sawa," Tumpe akakubali. "Lakini wewe angalau umempata, mama. Unamnusa kila siku. Unadhani siuoni huo uzi wako wa nywele? Mimi sijamsikia hata mara moja. Ninyi wote mko naye, na mimi niliyembeba ndiye sina kitu."

Mama Bupe akageuka. Ni wazi hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa mwanamke wa kufanya mambo, si wa kuyawaza, na tangu msiba alikuwa amefanya mambo mengi sana. Alikaa juu ya kigoda, taratibu, kama magoti yamemkumbusha umri.

"Nikuambie kitu," akasema. "Jana umechelewa kurudi, nikataka kukugombeza. Nikafungua mdomo. Ile harufu ikanifika, nikashindwa. Nikaona kama namgombeza marehemu. Nikajiuliza, huyu akishavaa uso wote, nitamtuma vipi kisimani? Nitamwambia vipi ugali umeungua?"

"Ugali wangu hauungui."

"Unaungua, Tumpe. Unaungua tangu zamani." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na kitu kama kicheko kikamponyoka. "Nikaona nitakosa binti wawili. Aliyekufa sitampata, na wewe nitakuwa nimekufunika."

Kuni zilipoa zenyewe. Hakuna aliyezichochea.

"Nilimdanganya mtoto," Mama Bupe akasema. "Hilo nitalimaliza mimi."

* * *

Wakaenda kwenye migomba nyuma ya nyumba, asubuhi, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Kaburi la Bupe lilikuwa pale, lina saruji upande mmoja na maua ya plastiki. Ikupa alikuwa akipita hapo kila siku kufuata kuku, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni nini.

Mama Bupe akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Mama yako hakusafiri. Bibi alikuambia uongo. Mama yako aliumwa, akafa, tukamzika hapa."

Ikupa aliitazama saruji. "Kama Popi?"

Popi alikuwa mbwa wa jirani. "Kama Popi," Mama Bupe akasema.

"Popi hakurudi."

"Hakurudi. Na mama harudi."

"Mlisema amesafiri."

"Tulisema."

"Uongo mbaya."

"Mbaya kweli, mjukuu wangu. Nisamehe."

Mtoto hakulia papo hapo. Alizunguka kaburi, akagusa ua moja la plastiki, akalisimamisha vizuri. Kisha akaja mbele ya Tumpe, akanyoosha kidole.

"Na aliyeko kwenye sikio?"

Tumpe akaligusa sikio lake. "Ni ngozi yake tu, Ikupa. Kipande kidogo. Kama sweta lake lililobaki kabatini. Linanukia yeye, lakini yeye hayumo."

Ikupa akalifikiria hilo kwa uzito. Tukuyu ni baridi, na yeye alikuwa mtoto wa Tukuyu.

"Basi mrudishie," akasema. "Atasikia baridi."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti yake yote, akiwa amemkumbatia Tumpe miguu. Alipobebwa, alibebwa mbele, uso kwa uso, na machozi yake yakajaa kwenye mashimo ya shavu la mama yake mdogo.

* * *

Daktari Mnzava hakuuliza maswali mengi. Alipiga ganzi, akasubiri, akakata pembeni mwa kiraka kwa wembe mwembamba, akakiinua kwa koleo na kukiweka ndani ya kichupa. Sikio likashonwa, likafunikwa pamba.

"Na ile ya kwenye friji?"

"Tunaichukua yote. Tunairudisha kwa mwenyewe."

"Sawa. Hiki nikichanganye humo humo?"

"Kilete hapa kwanza," Tumpe akasema.

Akakishika kichupa kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na uvuguvugu wa mwili wake. Akakifungua, akakisogeza puani.

Mwanzo alisikia dawa. Kisha, chini ya dawa, kibuyu cha maziwa kilichoanikwa juani, na nyuma yake kitanda kimoja na blanketi moja, na Bupe wa miaka kumi na saba amekaa kitako gizani kwa sababu mdogo wake analia. Dawa ya chunusi ilikuwa inamuunguza mashavu. Bupe alikuwa akimpulizia. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akampulizia shavu hili, akahamia lile, akirudi tena, mpaka pumzi ikamwishia, akasema, "Lala sasa. Kesho nitapuliza tena." Tumpe alikuwa amelisahau hilo. Alikumbuka jinsi dada yake alivyokuwa mzuri, alikumbuka homa, alikumbuka soksi. Hili alikuwa amelipoteza, na sasa lilikuwa limerudi lote, hata ubaridi wa ile pumzi juu ya ngozi yenye vidonda.

Akalia kama mtu anayetua mzigo. Daktari akageukia sinki, akaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi, akaviosha tena.

Baadaye, Tumpe alipokwisha kupenga kamasi, daktari akaburuta kiti. "Na uso wako? Tuuache?"

Tumpe akacheka, pua bado imeziba. "Hapana, nani kasema tuuache? Nimeyachoka haya mashimo tangu kidato cha kwanza. Zile njia za bibi zetu. Nusu inanitosha."

* * *

Walizika vile vichupa kwenye migomba, Ikupa akichimba kwa mwiko wa ugali, bibi yake akimkataza kurusha udongo kwenye viatu vya kanisani.

Sindano zilikata nyuzi zilizokuwa zikivuta mashavu ya Tumpe kwa nusu ya maisha yake. Kwa siku kadhaa alivimba kama aliyepigana sokoni, na Mama Syabumi akamuuliza ni mwanaume gani huyo, aende akamshtaki. Tone kwa tone tindikali ikafanya kazi yake, na leza nayo. Uvimbe ulipoisha, kwenye kioo cha saluni kulikuwa na mwanamke wa Tukuyu ambaye zamani aliota chunusi. Basi. Tumpe alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea, kisha akamwita mteja aliyefuata.

Mara ya mwisho alipokwenda Kitaluni, Daktari Mnzava alimgeuzia dirishani, akaridhika, kisha akakunja uso.

"Hili hapa, karibu na pembe ya mdomo, limegoma. Lina mzizi. Ukirudi baada ya wiki chache tunalimaliza."

"Liache, daktari."

"Ni kazi ndogo tu, mdogo wangu."

"Najua. Lina mwenyewe."

Jumapili mwenyewe alikuja na mchele. Alimlaza Tumpe chali, akabandika punje ya kwanza, ikateleza. Akabandika ya pili, ikaangukia shingoni. Akajaribu shavu lote la kulia, akajaribu la kushoto, akakaa kitako akiwa na hasira ya mkulima aliyedhulumiwa ardhi.

"Bibi! Shamba limeisha!"

"Tafuta vizuri," Mama Bupe akasema bila kuinua kichwa kwenye ungo.

Kidole kidogo kikatembea juu ya ngozi, polepole, kikipapasa. Kikafika karibu na pembe ya mdomo, kikazama. Ikupa akashusha pumzi. Akachagua punje moja nzuri, nzima, isiyo na pumba, akaipanda pale, ikakaa.

"Mama mdogo," akasema, "usicheke."

Tumpe akabana midomo, akafumba macho, akajitahidi kwa nguvu zake zote.